Aliyebaki Getini

Bombambili, Songea
14 Agosti 2024

Shangazi Skolastika,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo umetulia. Sisi hatujambo kiasi. Ida wangu anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, mezani hatoki. Mume wangu Daudi anapeleka mbao Mbinga na kurudi. Cherehani yangu imeharibika mguu, nashonea kwa jirani.

Shangazi, Baba hayupo. Hii ni siku ya nne.

Jumapili tulikwenda misa ya pili, tukamwacha ameketi barazani na redio yake. Tuliporudi redio ilikuwa inaongea peke yake. Kofia hakuna, na lile koti la kaki alilopewa alipostaafu kazi ya kukata nyasi uwanjani halipo msumarini. Tulidhani amekwenda Majimaji kutazama nyasi zake kama kawaida yake. Daudi akaenda. Mlinzi akasema hajamwona tangu wiki iliyopita.

Unajua alivyokuwa tangu mwaka jana. Ananiita kwa jina la marehemu mama. Anauliza kama lori limeshafika. Lakini kupotea kabisa hajawahi. Alhamisi alisikiliza mechi ya watani wa jadi kutoka Dar. Mtangazaji alipotaja uwanja, akasimama na kusema, "Sijamaliza kule." Nikamwambia keti Baba, uji unapoa. Akaketi. Neno hilo sikulitilia maanani, na sasa linanikata.

Polisi tumeandikisha. Hospitali tumezunguka. Nakuuliza wewe kwa sababu ndiye dada yake pekee: je, amefika kwako? Najua simu huzisikii na herufi zake huzioni, na mambo ya nyumbani hutaki yapitie simu ya jirani. Kwa hiyo nampa kondakta wa basi la Peramiho barua hii aishushe kwako. Nijibu kwa basi hilohilo, nakuomba.

Mwanao,
Devota


Maposeni
22 Agosti 2024

Devota mwanangu,

Milele na milele, amina. Marahaba. Mgongo ni uleule, nimeuzoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mbaya. Mahindi yameingia ghalani yote. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche. Mwambie Ida asikeshe na vitabu. Anayelala vizuri ndiye anayekumbuka. Nimefundisha miaka thelathini na nane, najua ninachosema.

Habari ya baba yako imenisikitisha. Tafuteni kandokando ya mito, maana wazee hufuata maji. Tangazeni redioni. Ombeni kwa Mtakatifu Antoni.

Umeuliza kama alifika kwangu. Jumapili barabara ya huku hupitiwa na watu wengi wanaotoka misa Peramiho, nami masikio yangu yalikufa tangu ile homa ya mwaka 2014. Mtu akibisha hodi sisikii.

Usijilaumu kwa ajili ya uji.

Shangazi yako,
Skolastika


Bombambili
5 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Ida anakusalimu, Daudi naye. Mpangaji wako wa mgongoni naye nimemsalimu.

Wiki tatu na nusu sasa. Redioni tumetangaza mara sita. Mto Ruvuma tumeufuata siku mbili na watu wa jumuiya, tukirudi kila jioni na matope na aibu, maana unafika mahali unatamani uone hata nguo tu ili ujue. Kisha nikapata wazo. Baba maisha yake yote ni viwanja. Nikasema, kama kichwa kimerudi nyuma, miguu itafuata kichwa. Nikapanda basi hadi Iringa, nikasimama nje ya uwanja, nikamwonyesha kila mtu picha yake. Nikaenda Mbeya, hivyohivyo. Hakuna aliyemwona. Kule Mbeya mama mmoja muuza karanga alinishika bega akaniambia, "Dada, rudi nyumbani, umechakaa." Nikalia mbele yake kama mtoto.

Juzi nikaenda kwa Mzee Otto, yule aliyekuwa golikipa wa timu ya mkoa enzi za Baba. Yuko kitandani, lakini akili yake ni nzima. Nikamuuliza, "Mzee, Baba alisema hajamaliza kule. Kule ni wapi?"

Akasema, "Baba yako alikuwa winga ya kushoto ambayo mkoa huu haujaipata tena. Alicheza Uwanja wa Taifa mara moja, mwaka sabini na nne. Tuliporudi akavua viatu, hakuvivaa tena. Mwaka uliofuata akaomba kibarua cha kukata nyasi."

"Ni kwa sababu ya goti," nikasema. Ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni.

"Goti gani? Goti lilikuwa zima. Kamuulize Skola."

Shangazi, nilikuwa sijakusudia kuandika hili, lakini nitaliandika. Kondakta mwingine wa basi la Peramiho amerudi kazini kutoka likizo. Nimemwonyesha picha. Amesema Jumapili ile, tarehe kumi na moja, alimshusha Baba Maposeni, karibu na kwako kabisa, akamsaidia kuvuka barabara, naye Baba akamwambia, "Naenda kwa mdogo wangu."

Sijakuuliza kama ulisikia hodi. Nilikuuliza kama alifika.

Devota


Maposeni
13 Septemba 2024

Devota,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Salamu zimefika. Mvua bado, upepo tu.

Alifika. Alinikuta uani napepeta maharage. Alikuwa amevaa koti lake na kofia, safi kabisa, ndevu amenyoa. Nilisoma midomo yake, maana midomo ya kaka yangu Barto naijua. Aliniambia, "Skola, Edmund bado yuko getini. Nilimwambia anisubiri."

Wewe Edmund humjui. Alikuwa kaka yangu mimi na mdogo wake baba yako, katikati yetu. Mama yetu alipiga marufuku jina lake kutajwa, nasi tukatii hadi leo.

Mwaka 1974 timu ya mkoa ilikwenda Dar es Salaam kucheza Uwanja wa Taifa. Wakati ule kwetu kijijini ilikuwa vumbi na mawe ya kupanga kama goli. Taifa tuliujua kwa redio tu. Ndipo mahali bendera yetu ilipopandishwa usiku ule wa Uhuru. Baba yetu alikuwa akisema wanaume waliokanyaga nyasi zile wamekanyaga nchi yenyewe. Barto alipochaguliwa, kijiji kilichinja. Edmund alikuwa na miaka ishirini na mmoja, yuko likizo kutoka Hanga, kwa watawa, alikokuwa novisi, akijiandaa kuwa mtawa. Akamwomba kaka yake amchukue. Wakapanda lori la kuazima, siku tatu za vumbi kabla ya kuiona lami.

Siku ya mechi Edmund hakuwa na tiketi. Barto akamwambia, "Simama hapa getini. Nikiingia nitaomba kiongozi akuingize." Akaingia. Akavaa jezi, akaona watu wengi kuliko aliowahi kuwaona maishani, akasahau. Alicheza, alifunga, alibebwa mabegani. Wakatoka kwa geti jingine, wakala, wakalala. Asubuhi ndipo alipomkumbuka. Alikimbia hadi getini, hakuna mtu. Walimtafuta siku tano. Lori likarudi bila Edmund.

Mama yetu hakumpiga wala hakumlaani. Alimwambia tu, mbele yetu wote, "Wewe ulikuwa unacheza." Basi. Ndiyo maana hakucheza tena.

Sasa uliza nilimjibu nini Jumapili ile. Nilimpa togwa. Nikamtazama akinywa. Nilitaka kusema jambo, likanishinda. Nikasema, "Basi nenda kamchukue." Nilidhani atafika barabarani, atasahau, atapanda basi la kurudi Bombambili. Nilimsindikiza hadi kwenye kona. Aligeuka akanipungia kofia.

Alivaa kama mtu anayekwenda Dar es Salaam, Devota. Niliona, nikanyamaza. Ulipoandika kwamba hayupo, nilishindwa kukuambia kwamba mimi ndiye niliyemtuma.

Nenda Dar. Nenda Taifa, kwenye geti.

Skolastika


Temeke, Dar es Salaam
2 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimempata. Yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako nilikasirika nayo siku nzima, kisha nikapanda basi. Nilipofika nikaomba kupelekwa Taifa. Wakanipeleka kwenye uwanja mpya, ule ulioanza kutumika mwaka 2007, mkubwa kama mlima, watu sitini elfu wanakaa. Siku nne nilizunguka mageti yake yote. Siku ya tano mzee mmoja muuza kofia za timu, nilipomweleza habari ya mwaka sabini na nne, akaniambia, "Mama, wewe unautafuta Taifa upi? Huu tuliuita Taifa, sasa ni Mkapa. Taifa la baba yako ni ule pale ng'ambo, siku hizi ni Uhuru." Kumbe viwili vimesimama jirani kama mtu na mwanawe, nami kila siku nilikuwa naupa mgongo.

Ule wa zamani unakarabatiwa. Nje ya geti moja kuna mama lishe, anaitwa Shakila, Myao wa Tunduru. Nikamwonyesha picha. Alinishika mkono akanizungusha nyuma ya banda lake. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analitazama geti.

Amekonda, Shangazi. Koti limekuwa kama limetundikwa kwenye kijiti. Anakohoa. Shakila anasema Baba alishuka kwenye lori la mahindi katikati ya Agosti, yeye akamsikia akiongea, akamjua kwa lafudhi kuwa ni mtu wa kusini. Walijaribu kumpeleka kwenye kituo cha wazee, akatoroka akarudi. Hapa wanamwita Babu wa Getini. Shakila anampa chakula na kumlaza barazani. "Hanisumbui," ananiambia. "Ila kila mechi ikichezwa kwa Mkapa, watu wakipita, anawatazama usoni mmoja mmoja hadi wa mwisho. Siku hizo hali chakula."

Aliponiona aliniita Devota. Jina langu! Nikadhani yameisha. Nikasema, "Baba, twende nyumbani."

"Siwezi. Nilimwacha mara moja. Akitoka asinikute, itakuwa mara ya pili."

Nimembembeleza siku nane. Nilimshika mkono kwa nguvu, akapiga kelele, watu wakajaa wakidhani namwibia mzee wao. Nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba Edmund ameshafika Songea. Akanitazama kwa huruma. "Wewe hukuzaliwa wakati ule," akasema. "Skola akiandika nitaamini. Skola hasemi uongo."

Ndilo ninalokuomba. Andika mstari mmoja kwa mkono wako: Edmund amerudi, yuko kwangu, njoo nyumbani. Mungu ataelewa. Daktari amesikiliza kifua chake akasema asilale nje mvua zikianza, na mawingu yameshaanza kujikusanya. Tuma kwa Daudi, ataituma kwa basi la Dar.

Mwanao,
Devota


Temeke
21 Oktoba 2024

Shangazi,

Daudi anasema barua yangu ulipewa mkononi tarehe sita, ukaisoma mbele yake, ukaikunja, ukaingia ndani.

Mvua imenyesha mara mbili. Baba alikataa kuingia barazani, nikasimama naye na turubai kichwani. Anatema makohozi yenye damu kidogo. Mtihani wa Ida unaanza tarehe kumi na moja mwezi ujao, na mama yake anaosha vyombo vya mama lishe Temeke ili apate mahali pa kulala.

Nimekuomba mstari mmoja. Ulikuwa mwalimu, mistari mingapi umeandika ubaoni katika maisha yako? Kama Baba atakufa kwenye geti hili, sitakuja kukuambia. Utasikia kwa wengine.

Devota


Maposeni
28 Oktoba 2024

Devota,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu zako hukuweka, na ni haki yako. Zangu pokea.

Umeniomba nidanganye. Nimeshika kalamu kila asubuhi tangu Daudi alipokuja. Siwezi, na sababu siyo kwamba sisemi uongo. Sababu ni kwamba nimeusema miaka hamsini kwa kunyamaza, na ukweli wenyewe ungekuwa umemrudisha zamani.

Machi 1975 nilikuwa nimepangiwa shule yangu ya kwanza. Nikapata barua yenye stempu ya Zambia. Ilitoka kwa Edmund. Hakupotea. Siku ile pale getini alisubiri hadi aliposikia uwanja unalipuka, akajua kaka yake amefunga. Aliandika kwamba wakati ule aliona watu wote wametazama upande mmoja na hakuna anayemtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mama alikuwa amemweka nadhiri kwa Mungu angali tumboni. Yeye utawa hakuutaka, na hakuwa na ujasiri wa kumwambia mama. Akaondoka kwa miguu yake. Alipata kibarua kwenye reli iliyokuwa ikijengwa kwenda Zambia, akaifuata reli hadi ng'ambo.

Akaniandikia, usimwambie mama, atakufa kwa aibu. Wala usimwambie Barto, Barto hajui kuficha. Nilikuwa na miaka ishirini. Nikaapa.

Nilidhani ni kwa mwaka mmoja, atarudi mwenyewe. Mwaka 1983 parokia ya Kitwe, huko Zambia, ikaniandikia kwamba amefariki kwa ugonjwa wa mapafu. Nikajiambia, mama akifa nitasema. Mama akafa mwaka 1991. Kufikia hapo baba yako alikuwa amekata nyasi miaka kumi na sita. Nilikwenda Majimaji nikiwa na barua ile kwenye mkoba. Nikamkuta amepiga magoti anang'oa magugu kwenye mstari wa pembeni, kule kwenye winga yake ya kushoto. Nikamwuliza habari za nyumbani, nikaondoka. Ningemwambiaje? Kwamba nilikuwa namtazama miaka yote hiyo? Kila mwaka uliopita uliufanya uliofuata kuwa mgumu zaidi, hadi nilipoanza kumwepuka. Mkadhani ninamchukia kwa ajili ya Edmund. Nilikuwa naogopa uso wake.

Jumapili ile alipokunywa togwa, hilo ndilo jambo lililonishinda kusema.

Karatasi ya pili ni yake. Msomee.

Skolastika

*

Kaka Barto,

Ni mimi Skola, nakuandikia kwa mkono wangu. Edmund hukumpoteza. Aliondoka mwenyewe kwa sababu hakutaka utawa. Alikusikia umefunga goli, akafurahi, akaenda zake. Alifanya kazi kwenye reli, akaoa, akaishi Kitwe. Aliniandikia mwaka 1975, nami nikakuficha. Amefariki siku nyingi, kitandani, na padre alikuwapo. Getini hayupo. Hujamwacha mtu. Kosa ni langu. Rudi nyumbani.

Mdogo wako,
Skola


Bombambili
15 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tumefika salama Jumapili iliyopita saa kumi na moja jioni. Jumatatu Ida aliingia chumba cha mtihani nikiwa nimemchemshia chai mwenyewe. Baba amelazwa Peramiho siku tatu, wamempa dawa za kifua, ametoka. Cherehani bado mbovu.

Nitakueleza barua yako ilivyosomwa.

Mara ya kwanza nilimsomea pale kwenye ndoo. Shakila alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Baba aliomba aione karatasi, akapitisha kidole juu ya mwandiko wako. "Kweli ni Skola," akasema. Akacheka hadi akakohoa. "Kumbe aliondoka mwenyewe! Mjanja yule!" Kisha akalia, akamlilia Edmund kama amekufa siku hiyo. Kisha akauliza, "Skola alijua?" Nikasema, alijua. "Alikuwa msichana mdogo," akasema. "Mwambie hakuna neno." Akasimama mwenyewe, akajipangusa suruali, akamshukuru Shakila, tukaondoka.

Hatukufika hata barabarani. Alisimama, akageuka. "Devota, Edmund yuko getini."

Sikuamini. Nikamsomea tena palepale, magari yanatupigia honi. Akacheka tena kwa maneno yaleyale, akalia tena, akakusamehe tena. Baada ya nusu saa hakuna kilichobaki.

Ndipo nilipoelewa, Shangazi, umetuma nini na umekituma lini. Umemimina maji kwenye mtungi uliotoboka. Mwaka juzi tu mtungi ule ulikuwa bado unashika.

Lakini nusu saa ni nusu saa. Nilimsomea kwenye bajaji, nikamsomea kituoni Mbezi ili apande basi. Nilimsomea Morogoro alipotaka kushuka, na Mikumi, na Iringa. Abiria wa mwanzo walinikasirikia, baadaye wakawa kimya tukifika kwenye jina la Edmund. Dada mmoja aliyekaa nyuma yetu alishuka Mafinga analia. Karatasi imechanika kwenye mikunjo, lakini kufikia hapo nilikuwa siihitaji tena. Niliishika ili aone mwandiko tu.

Makambako ilikuwa tofauti. Nilisoma, hakucheka. Alitazama nje ya dirisha muda mrefu, watu wanauza viazi. Kisha akasema, si kwangu, "Basi ningeweza kuendelea kucheza."

Nikashika mkono wake. Nilingoja aseme neno juu yako, nikitamani walau mara moja akulaumu. Akasema, "Alikuwa msichana mdogo. Mwambie hakuna neno."

Hesabu niliyoifanya toka Temeke hadi mlangoni kwangu ni mara kumi na moja. Baba amekusamehe mara kumi na moja. Mimi hata mara moja sijaweza. Nimejaribu kanisani, nimejaribu nikipika. Namwona amepiga magoti anang'oa magugu, na wewe umesimama na mkoba, unauliza habari za nyumbani.

Hapa pia anauliza. Asubuhi anaitafuta kofia, anataka kwenda kumchukua. Namsomea. Mchana namsomea. Daudi ameweka komeo kwa nje, nami kila nikilifunga naona kama namfunga mwizi. Nimechoka kumwua mdogo wake mara tatu kwa siku kwa sauti yangu.

Sikuambii uje. Sikuambii usije.

Devota


Maposeni
21 Novemba 2024

Devota mwanangu,

Salamu kwa wote, na kwa Ida hasa.

Kuku nimempa jirani, shamba nimelikodisha kwa msimu huu, ufunguo nimeuacha parokiani. Nitapanda basi la kwanza Jumamosi. Nitakuja na mkeka wangu, nitalala popote utakaponiweka, hata kama ni jikoni.

Usimsomee tena. Nitakaa naye mimi, nami nitamwambia kwa mdomo wangu, asubuhi na mchana na jioni, kila atakapouliza. Yeye akisema hakuna neno, sitasikia, lakini nitaona midomo yake. Na wewe usilazimike kusema lolote.

Skolastika